Futi Kumi na Nane za Mzee wa Taa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa chumbani kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshika filamu kwa kidole gumba katikati ya picha, nikiiinua kwenye mwanga wa dirisha nione kama kweli kuna watu ndani. Opereta Mkuu, mzee mfupi aliyevaa koti la kaki hata wakati wa joto, aliupokea ule ukanda polepole, akaufuta kwa kitambaa laini, kisha akanionyesha mlango.

"Nenda unawe mikono," alisema. "Ukirudi, shika pembeni. Hiyo alama ya kidole chako itatokea kule mbele ikiwa kubwa kama ng'ombe, na ukumbi mzima utaiangalia."

Nilinawa kwenye bomba la uani, nikapanda tena ngazi za chuma za ukumbi wetu wa sinema mjini Thika, nikaanza kazi iliyonilisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Vijana wa kanisa letu hapa Kiganjo, wale wanaoshughulika na skrini na kamera siku ya Jumapili, wameniomba niandike jinsi kazi hiyo ilivyofanywa wakati wetu. Nadhani walitaka hadithi tamu za kuwachekesha. Zipo, lakini katikati yake kuna jambo linalonitia aibu mpaka leo, na sitaliruka.

Nyinyi mnabonyeza kitufe picha ikatokea, na ikigoma mnazima na kuwasha tena. Sisi filamu ilitufikia kwa mikebe ya bati, kila mkebe una rili moja ya dakika ishirini hivi. Mashine zilikuwa mbili. Ya kwanza ikikaribia kumaliza, unawasha ya pili bila mtazamaji kujua, ukifuata kidoa kidogo kinachopita juu kulia kwenye picha. Kidoa kikikupita, skrini inabaki nyeupe na watu wote wanageuka kukitazama kidirisha chako cha chumba cha mashine. Mwanga ulitoka kwa vijiti viwili vya makaa vilivyokaribiana mpaka umeme ukaruka kati yao, na ilibidi uvisogeze kila baada ya dakika chache maana vilikuwa vinaungua. Nilitoka nyumbani nikinukia sabuni na kurudi nikinuka moshi. Mke wangu alizoea.

Filamu ilikatika mara kwa mara, na kuunga ndiko kulikonipa sifa. Unakata ncha mbili sawasawa, unakwangua utando wa picha kwa wembe kiasi cha upana wa ukucha, unapaka gundi, unabana, unahesabu hadi kumi na tano. Opereta Mkuu alisema naunga vizuri kuliko yeye. Alisema pia, na ni heri ningelishika hili kuliko zile sifa, "Filamu si yako, Mutiso. Tumeazimwa. Irudi kama ilivyokuja."

Sasa niwaeleze Mzee wa Taa. Kampuni ya Kiingereza iliyotuletea filamu nyingi haikuzitengeneza yenyewe. Ilikuwa msambazaji, yaani ilichukua filamu za watengenezaji ikazipeleka kwenye kumbi za nchi mbalimbali. Kabla ya filamu yake yoyote kuanza, ilikuwa lazima nembo yake ionekane. Mlinzi mzee mwenye koti refu anatokea gizani, anatembea juu ya mawe yaliyolowa, anasimama, anainua taa ya mkono mpaka mwanga wake unajaa skrini nzima, na ndani ya mwanga huo linatokea jina la kampuni. Tarumbeta moja inalia. Ni sekunde kumi na mbili tu, futi kumi na nane za filamu. Nilipoanza kazi alikuwa wa rangi nyeusi na nyeupe. Baadaye wakamtia rangi, koti likawa la buluu na taa ikawa ya manjano kama kiini cha yai. Mwishoni, mambo ya kampuni yalipoanza kuharibika, walimwondoa yeye wakabakisha taa peke yake kwa sekunde nne. Watu wa Thika walipiga miluzi wakiuliza mzee amezikwa lini.

Walimpenda kwelikweli. Wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba ya kahawa hawakujali majina ya waigizaji wala ya watengenezaji, lakini Mzee walimjua. Akiinua taa, ukumbi wote uliitikia, "Amefika." Kwao, filamu yenye Mzee ilikuwa filamu ya maana, basi. Filamu iliyokuja bila yeye ilianza ikiwa imeshashukiwa. Wanaume walikunja mikono, na maganda ya machungwa yakaanza kuruka kabla mwizi wa kwanza hajaiba chochote.

Hilo lilimkosesha usingizi Meneja wa ukumbi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kusema jambo nusu na kukuachia umalizie. Wakati huo alikuwa ameanza kuchukua filamu za wasambazaji wengine, za hali ya chini, na watu walikuwa wakimtukana mlangoni. Jumamosi moja mchana alipanda ngazi mpaka chumba cha mashine. Opereta Mkuu alikuwa amestaafu mwezi huo huo na kiti chake kilikuwa bado kitupu. Meneja alikikalia.

"Laiti huyu mzee wa taa angekuwa wetu kabisa," alisema. "Akae hapa hapa Thika."

Akatazama kiti alichokalia, akanitazama mimi, akashuka.

Hakuniambia nikate. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba aliniambia. Jumapili asubuhi, kengele za kanisa zikilia na mke wangu akijua nimekwenda kusafisha mashine, nilifungua mkebe wa kwanza wa filamu ya vita iliyokuwa irudi Ruiru kesho yake, nikachukua makasi, nikamkata Mzee wa Taa kutoka mwanzo wa rili. Futi kumi na nane. Nilimviringisha nikamweka ndani ya kopo la majani chai. Mwanzo wa rili niliuunga upya kwa kiungo kizuri kabisa, na hata nikajisifu moyoni.

Kuanzia wiki iliyofuata, kila filamu dhaifu iliyotufikia nilimbandika Mzee mbele yake, ikiisha nikambandua nikamrudisha koponi. Watu wakaitikia, "Amefika," wakatulia. Meneja alicheka peke yake kule chini. Mimi nikapewa kiti.

Lakini kulikuwa na kasoro moja, na wenye kazi wataielewa. Kwenye filamu, sauti haikai kando ya picha yake. Mashine husoma sauti mahali pa chini kidogo kuliko pale inapoonyesha picha, kwa hiyo kiwandani sauti huchapwa picha ishirini mbele. Ukikata nembo, zile picha zake ishirini za mwisho zinaondoka zikiwa zimebeba sauti ya kitu kinachofuata. Kwenye ile filamu ya vita, mara tu Mzee anapotoweka, mbwa anasimama mbele ya lango la shamba anabweka mara mbili. Ule mkato wangu ulimchukua Mzee pamoja na sauti ya mbwa. Basi kila filamu yetu mbovu, iwe ya mapenzi au ya majambazi, ilianza na mbwa asiyeonekana. Watu wa Thika walimzoea haraka, vijana wa viti vya mbele wakawa wanambwekea pia.

Na kwenye filamu yenyewe iliyorudi Ruiru, mbwa alibaki akifungua mdomo bila sauti.

Ruiru palikuwa na depo ya filamu, ghala refu la mabati karibu na reli, ambako mikebe ilipokelewa na kutumwa kumbi nyingine. Mkaguzi wa pale aliitwa Nyambura, ingawa sisi tulimwita Mama Wairimu kwa jina la binti yake. Alikaa mbele ya meza yenye mikono miwili ya kuzungusha rili, amevaa glovu nyembamba nyeupe, na filamu ikapita kati ya vidole vyake. Alihisi mpasuko kwa kidole kabla jicho halijauona. Kila filamu ilikuwa na kadi yake, na juu ya kadi aliandika hali ya mwanzo, hali ya mwisho, idadi ya viungo, kama nembo ipo, kisha sahihi. Nilikuwa nikipeleka mikebe mwenyewe kila Jumatatu, na kila Jumatatu alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake.

Jumatatu ile gari la kuichukua ile filamu ya vita lilikuwa limeshafika na dereva alikuwa akigonga mlango. Mama Wairimu alivaa glovu yake, akauchukua mkebe wa kwanza.

"Hii nimeikagua mwenyewe," nilimwambia. "Ni safi. Andika tu."

"Una hakika?"

"Mimi tena, Mama Wairimu?"

Akacheka, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: mwanzo kamili, nembo ipo. Akatia sahihi. Nikanywa chai.

Huko ilikokwenda filamu, mwakilishi wa kampuni ya Kiingereza alikuwa mgeni siku hiyo. Taa zikazimwa, Mzee hakutokea. Mwakilishi akaja Ruiru na kadi mkononi. Ilidaiwa kwamba mkaguzi ndiye aliyekata nembo akaiuza kipande kipande, maana wakati huo palikuwa na watu waliouza picha za filamu sokoni, unazitazama kupitia kikasha chenye kioo. Jumatatu iliyofuata nilifika getini na mikebe yangu, nikakuta Msimamizi wa depo ameumwaga mkoba wa Mama Wairimu juu ya meza ya askari. Palikuwa na kitana, kiatu kimoja cha mtoto alichokuwa akikipeleka kushonwa, Biblia na nusu mkate.

Mama Wairimu aliponiona uso wake ulitulia. Alidhani msaada umefika.

"Muulizeni Mutiso," alisema. "Yeye ndiye aliileta. Mutiso, waambie uliniambia nini."

Msimamizi akanigeukia. "Ilipotoka kwako ilikuwa na nembo?"

Mke wangu alikuwa mjamzito. Kiti cha Opereta Mkuu nilikuwa nimekikalia siku sita. Hayo nayaandika kwa sababu ndiyo yaliyopita kichwani mwangu, si kwa sababu yanatosha.

"Ilipotoka kwangu ilikuwa nayo," nilisema.

Mama Wairimu alirudisha vitu vyake mkobani kimoja kimoja, nusu mkate mwisho, akatoka. Mimi nilisaini daftari la mikebe.

Nilimwendea Meneja jioni hiyo nikamwambia yule mama amefutwa na tunapaswa kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole wake ule ule.

"Tuseme nini?" aliuliza. "Mimi sikushika makasi."

Baada ya mwezi hivi, Jumapili mchana, nilimwona Mama Wairimu kupitia kidirisha changu. Alikuwa ameketi viti vya mbele na watoto wake wawili. Filamu ya siku hiyo ilikuwa mojawapo ya zile dhaifu, na Mzee alikuwa ameshabandikwa. Akatembea, akainua taa, watu wakaitikia. Mbwa akabweka mara mbili, vijana wakambwekea. Yeye aligeuza kichwa akatazama juu, moja kwa moja kwenye kidirisha; mkaguzi kama yeye alijua mbwa huyo ni wa filamu gani. Nilirudi nyuma nikasimama ukutani mpaka rili ikakaribia kwisha.

Nilipomaliza nilimkuta chini ya ngazi za chuma, mtoto mdogo amemlalia begani.

"Nimemsikia mbwa," alisema.

"Mbwa gani?"

Alinitazama kwa muda ambao mtu huutumia kumtambua mtu mwingine. Kisha akamshika Wairimu mkono wakaenda. Kesho yake nilimtoa Mzee koponi, nikakata zile picha ishirini za mwisho, mbwa akanyamaza. Watu waliuliza kwa wiki moja mbwa ameenda wapi, wakasahau. Kati ya mambo yote niliyofanya, hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu lile la kwanza nilikuwa mjinga, lakini hili nilijua vizuri ninachofanya.

Nilikuwa Opereta Mkuu kwa miaka mingi. Baadaye video zilipoingia na ukumbi ukaanza kupoteza watu, wakanihamishia depo ya Ruiru. Nadhani mnaweza kukisia kazi waliyonipa. Niliwekwa kwenye meza ile ile, kiti chenye mto wa kitambaa alioushona Mama Wairimu. Droo ilikuwa imejaa kadi za zamani zenye mwandiko wake. Niliketi pale miaka saba, nikizungusha rili, na kila nilipofika penye neno nembo kwenye kadi nilikagua mara mbili. Msimamizi mpya alinisifu kwa uangalifu, akawaambia wenzangu waige mfano wa Mutiso. Nilikuwa nikiomba ruhusa ya kwenda chooni ili nisizisikie sifa hizo.

Depo ilipofungwa nilistaafu. Waliniaga kwa soda na keki. Ukumbi wetu wa Thika uliuzwa, sasa una maduka ya nguo na simu, na ngazi za chuma zimeng'olewa. Nilirudi Kiganjo kufuga kuku na kuwa mzee wa kanisa. Watu husema niliheshimika kazini, na nimeona kwamba heshima ya aina hiyo inavalika vizuri kabisa juu ya uwongo. Ukiuliza kama niliipenda kazi, niliipenda. Mpaka leo nikiona mwanga unapita kwenye giza kwenda ukutani moyo wangu unaruka. Ila siwezi kuikumbuka siku moja ya kazi hiyo bila kukuta pale mwisho meza ya askari na ule mkate.

Ningekufa na siri hii, nadhani, kama si kliniki ya presha ya Ruiru mwaka huu. Nilikuwa kwenye foleni nikasikia jina langu, nikageuka. Alikuwa Nyambura, amezeeka, amejifunga kitambaa kichwani, na bado mgongo umenyooka. Alinisalimu kwa Kikuyu, vizuri mno.

"Wĩ mwega, Mutiso? Na nyumbani?"

Aliyemleta alikuwa Wairimu, sasa mama mtu mzima mwenye miwani. Aliposikia tulifanya kazi pamoja alicheka, akawageukia watu wa kwenye benchi.

"Huyu mum wetu mnamwona amekaa mpole hivi," alisema, "alifutwa kazi juu ya kuiba mafilamu. Ni story ya family yetu, tunamtania nayo kila Krismasi."

Watu wakacheka. Haikuwa kwa ubaya, ni mzaha wa nyumbani uliokaa miaka mingi mpaka ukawa laini. Nyambura hakucheka wala hakukana. Aliangalia kile kikaratasi cha namba yake ya foleni, akakikunja, akakikunjua. Nikaelewa kwamba hawa watoto hawajawahi kumwamini, na kwamba alichoka kuwaambia kabla hawajawa wakubwa.

Nilikwenda Kimbo, mtaa wa Ruiru alikonielekeza siku ile kliniki, mara mbili nikafika karibu na lango lake, nikageuza. Mara ya tatu ilikuwa Jumapili baada ya ibada, na nilikuwa nimempigia simu kwanza ili nisiweze kukimbia. Nilimwambia nakuja kusema habari ya ile nembo.

"Njoo saa nane," alisema. "Watoto watakuwa hapa."

Walinikaribisha sebuleni. Kijana wake Karanja, yule aliyekuwa amelala begani siku ile, sasa ana mvi masikioni. Nyambura alikaa mbele yangu, mikono juu ya magoti. Chai ililetwa. Nikaanza kueleza, na kwa sababu mimi ni mtu wa kazi yangu nilieleza kwa utaratibu, kuanzia Meneja alivyokaa kwenye kiti, makasi, kopo la majani chai, niliyomwambia mezani kwake na niliyosema getini. Nilieleza habari ya mbwa.

Karanja ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hivyo hakuchukua kitu?"

"Hata picha moja. Niliiba mimi, halafu nikamwachia yeye."

"Na umekaa na hii maneno miaka hiyo yote, hapo tu Thika?"

"Hapo tu Thika."

Alisimama akaenda dirishani akatupa mgongo. Nilimtazama Nyambura. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kwa matusi, na kwa siri, niseme ukweli, nilikuwa natumaini atasema yamepita. Hakusema hivyo. Alinyoosha kitambaa cha meza pale kikombe changu kilipokikunja, kisha akageuza uso kuelekea jikoni, ambako sufuria zilikuwa zikigongana na maji yakitiririka.

"Wairimu," aliita. "Wacha hivyo vyombo, kuja hapa."

Wairimu akaja akijifuta mikono kwa aproni, akitabasamu, hajui lolote. Mama yake alimwonyesha kiti karibu yake, akangoja mpaka akaketi vizuri.

"Huyu hakusikia," Nyambura aliniambia. "Rudia."

Nikaweka kikombe chini, nikaanza tena tangu mwanzo.